Ncha za Kunde

Mimi si mtu wa kungoja. Mama husema nilizaliwa wiki tatu kabla ya siku yangu, katika nyumba za reli pale Nakuru, na kwamba mkunga alipofika alinikuta tayari nimefungwa kwenye leso, nikipiga kelele. Hadithi hiyo anaisimulia kila mgeni akija, kisha anamalizia kwa neno lile lile, "Tulia, Nerima," hata kama nimekaa kimya na kikombe cha chai mkononi. Sasa mtu kama mimi alienda kutafuta nini kwenye kazi ya kuzalisha mimea? Hiyo ni kazi ambayo ukiuliza swali mwaka huu, unajibiwa mwaka ujao, mvua ikipenda.

Swali langu lenyewe lilikuwa dogo. Kuna kunde zinazotambaa, zinazorusha kamba huku na huko na kupanda chochote zinachokutana nacho. Kuna nyingine fupi, zinazosimama mahali pamoja kama kichaka na kukomaa zote kwa wakati mmoja. Anayetaka mboga hupenda za kwanza. Anayetaka punje hupenda za pili, kwa sababu anavuna mara moja anamaliza. Nilichukua kunde ya kutambaa ya kwao Mama, Bungoma, nikaichavusha na fupi moja ya pale chuoni. Watoto wote wakatambaa. Nikapanda mbegu za watoto hao nikapata wajukuu mia mbili na arobaini. Vitabu vyote vinasema robo ya wajukuu watakuwa wafupi, yaani sitini hivi, kwa sababu jambo lote linashikwa na jeni moja.

Mimi nilipata wafupi mia moja na tisa.

Siku niliyopata hesabu hiyo nilihisi miguu haigusi chini. Nilipiga mahesabu nikaona kwamba idadi ile haielezeki kwa jeni moja, lakini inaelezeka vizuri sana kwa jeni mbili: ili kunde itambae lazima ipate zote mbili, ikikosa hata moja inabaki fupi. Kwa hesabu hiyo wafupi walipaswa kuwa mia moja na tano. Nilikuwa nimekosea kwa nne tu! Jeni ya pili, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitaja, na niliyeiona ni mimi, binti wa nyumba za reli.

Dakta Kiplangat, msimamizi wangu, alizisoma zile karatasi mara mbili. Ni mtu wa Olenguruone, amekulia kwenye viazi na baridi, na huwa hasifii kitu.

"Hii ikisimama," aliniambia, "ile nafasi ya PhD ni yako. Jamleck na ngano yake wangoje mwaka mwingine. Lakini isimame kwanza."

Kusimama kwenyewe kulikuwa hivi. Kama hesabu yangu ni ya kweli, mmea mfupi hauwezi kuzaa mtoto anayetambaa, hauna pa kumtoa. Basi nipande mbegu za wale wafupi mia moja na tisa, kila mmoja mstari wake mfupi wenye kibao cha namba, miche kumi kila mstari. Zikibaki fupi zote, nimeshinda. Jopo la kutoa nafasi lingekuja kuziona shambani kwa macho yao. Nafasi ni moja, sisi tunaoitaka ni wawili, mimi na Jamleck, na mimi nina miaka thelathini na mmoja na nimechoka kuitwa mwanafunzi.

Shamba lilikuwa Subukia. Chuo chetu kiko Njoro, na kwa baridi ya Njoro kunde inanyauka kabla haijajua kama imeota. Subukia ni bondeni, kuna joto, na ndiko Mama alikonunua nusu eka baada ya kustaafu kiwandani Nakuru. Anaitwa Nakhumicha. Miaka ishirini na sita alisimama kwenye mashine moja, na alipoiacha hakutaka tena kusikia kitu kinachonguruma. Alinipa robo ya shamba lake bila maswali. Mimi nilikuwa nafika kila Ijumaa, narudi Jumapili. Yeye ndiye aliyepalilia, aliyefukuza mbuzi wa jirani, aliyeniambia kwenye simu kama mvua imenyesha.

Kila Ijumaa nilikuta ugali na kunde zimeningoja, zimepikwa kwa maziwa na magadi kidogo, laini, zinateleza kooni bila kutafunwa. Nilikula nikaomba nyingine. Sikuwahi kuuliza zimetoka mstari upi, kwa sababu Mama alikuwa na kunde zake upande wa chini, karibu na choo, na mtu mwenye njaa haulizi.

Mwanzoni kabisa, wakati ule wa wajukuu, nilimweleza kazi yangu. Nilisema hivi, na nayakumbuka maneno kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi: "Mama, mimi natafuta zile fupi. Hizi zinazokimbia hazinisaidii. Nikipata fupi nyingi, mambo yangu yatanyooka." Nilisema nikiwa mlangoni, mguu mmoja nje, kwa sababu gari la Nakuru lilikuwa linajaza. Na hiyo hesabu yangu ya mia moja na tisa niliifanya kwa asubuhi moja, siku moja, nikitazama mmea, nikiandika T au F, nikiruka kwa mwingine.

Sasa kizazi cha tatu kilikuwa ardhini na mimi sikuwa na usingizi wala hamu ya kula. Wiki ya tatu zilikuwa sawa zote. Wiki ya nne sawa. Wiki ya tano nilipiga simu kila asubuhi.

"Zinaendeleaje?"

"Ziko tu."

"Ziko tu vipi, Mama?"

"Nerima, kunde ni kunde. Tulia."

Jumapili ya wiki ya sita nilishuka kwenye mistari kabla ya chai. Mstari wa nne, mche wa pili, ulikuwa umetoa ncha nyembamba, ndefu kama kidole, imejikunja hewani ikitafuta pa kushika. Nikasema, mmoja si neno, huenda ni mbegu iliyochanganyika. Nikasogea. Mstari wa sita, miche minane. Wa saba, hakuna. Wa tisa, yote kumi, mmoja umeshajizungusha kwenye kibao changu cha namba. Nilikimbia hadi mwisho wa shamba kisha nikarudi nikitembea, na sikuwa na haja ya kuhesabu. Karibu nusu ya mistari ilikuwa inakimbia. Niliketi kwenye udongo unyevu na sketi yangu ya kanisani, nikalia kwa hasira.

Mama alikuja na kikombe cha chai, akanitazama, akatazama kunde.

"Sasa unalilia nini? Si hizi zimeanza tu kusumbua?"

"Hazifai kukimbia, Mama! Hizi mama zao walikuwa wafupi! Walimu wanakuja Alhamisi na hakuna kitu nitawaonyesha."

"Alhamisi?" Alihesabu kwa vidole. "Hiyo ni mbali. Kunywa chai. Mimi nitazikalisha chini, kama zile za kwanza."

Nilinyanyua kichwa. "Zile za kwanza zipi?"

"Zile za mvua kubwa. Kwani hizo hazikuwa zinakimbia? Nilizichuma ncha jioni, jioni, zile nilizofikia, mpaka zikajua mwenye shamba ni nani. Si uliniambia unataka fupi?"

Nilitazama vidole vyake. Kisha nilisema mengi, na kwa sauti ambayo jirani alisikia. Nilimwambia ameniharibia mwaka. Nilimwambia kwamba kukata ncha hakubadilishi mbegu, kwamba mmea uliokatwa ni mmea uliokatwa tu, watoto wake watakimbia vilevile, na kwamba nimeenda kusimama mbele ya watu na kutangaza jeni ambayo ni vidole vyake.

Mama alinisikiliza kikombe kikiwa bado mkononi.

"Mimi sijui mambo ya jeni," alisema. "Mimi najua kunde. Kwetu mwanamke akiacha kunde ikimbie bila kuchumwa, anaitwa mvivu. Ukikata ncha inatulia, inatoa matawi, unakula wiki nyingi. Kukhu wako, mama yangu, alinifundisha hivyo nikiwa mdogo. Na wewe ulikuwa unakula, hukusema kitu."

Hapo ndipo iliponiingia vizuri. Ijumaa baada ya Ijumaa nilikuwa nimekaa mezani, nikila ushahidi wangu mwenyewe kwa ugali, nikiomba nyongeza.

Aliweka kikombe chini karibu na goti langu. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayetafuta njia. "Wakikuta zinakimbia, hawakupi hiyo nafasi?"

"Hawanipi."

"Na wakikuta zimetulia?"

Nilitazama kile kikombe.

"Basi nizichume?"

Niliinuka, nikapangusa sketi, nikaenda kutafuta mkoba wangu. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilimwambia, "Nitachelewa gari," nikaondoka.

Siku tatu zilizofuata sizitamani hata kwa adui. Niliamka, nikafungua kompyuta, nikaifunga. Nilitembea kutoka bwenini hadi maabarani na kurudi, nikisahau nilichofuata. Simu ilikuwa na chaji na ilikuwa na salio. Jina la Mama liko juu kabisa, unagusa mara moja tu. Nilijiambia huenda hatachuma. Nilijiambia pia kwamba miche mia nne na zaidi ni mingi, mwanamke mmoja hawezi. Nilijiambia kila kitu isipokuwa kwamba nataka achume. Jumatano nilikutana na Jamleck ukumbini, kijana mpole, amebeba masuke ya ngano kama maua ya arusi.

"Niaje, Nerima. Kesho ni wewe, Ijumaa ni mimi. Uko sawa lakini?"

"Niko poa."

"Ukishinda utaninunulia chai," alisema, na alimaanisha, ndiyo maana nilitaka kumpiga kofi.

Alhamisi tulifika Subukia saa tano na gari la chuo, mimi, Dakta Kiplangat, na Profesa Adero wa jopo. Profesa ni mama mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, na huuliza maswali machache kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilishuka wa mwisho.

Kunde zilikuwa zimetulia zote. Mistari mia moja na tisa, hakuna hata ncha moja hewani. Kile kibao cha namba cha mstari wa tisa kilikuwa kimesafishwa kamba iliyokizunguka. Mama alisimama mlangoni na leso mpya kiunoni, akinitazama, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyemfichia mtoto zawadi.

"Aisee!" Dakta Kiplangat alitembea kati ya mistari mikono kiunoni. "Kizazi cha tatu, na hakuna hata moja imepanda. Nerima, unajua hii ni nini?" Alinipa mkono. Miaka miwili sikuwahi kupewa mkono na mtu huyo. Nilimpa wangu, ukiwa umelowa jasho.

Profesa Adero aliinama kwenye mstari mmoja, akavaa miwani, akavua.

Mama alikataa waondoke bila kula, na kwetu mgeni hakatai. Tulinawa. Ugali ulikuja, na sufuria ya kunde, sufuria kubwa ile ya matanga, imejaa. Dakta alikula kama mtu aliyelima. Profesa alikata tonge, akachota mboga, akatafuna polepole, akachota tena, safari hii akaitazama kabla ya kuitia mdomoni.

"Mama Nerima, hii mboga ni tamu."

"Asante, Prof. Ongeza."

"Lakini haya si majani. Hii ni ncha tupu."

"Ncha tupu!" Mama alifurahi kwamba ameonekana. "Mimi sipikii mgeni jani zee."

"Kwetu Ahero pia tunachuma ncha," Profesa alisema, "lakini bakuli moja tu linamaliza shamba. Wewe umepata wapi sufuria nzima?"

Mama yangu anaweza kumdanganya chifu, na nimemwona akimdanganya mchungaji. Kuhusu chakula hajui. Alifungua mdomo, akaufunga, akanitazama. Dakta Kiplangat aliendelea kula. Mtu wa viazi, kwake mboga ni mboga. Ningeweza kusema zimetoka kwa jirani. Neno moja tu, na nafasi ni yangu. Lakini nilimwona Mama akingoja nimwambie aseme uongo gani, mwanamke wa miaka sitini na minne, mkono wake umeganda juu ya sufuria, vidole vyeusi kwa utomvu wa kunde. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Zimetoka pale tulipokuwa," nilisema. "Mnakula kizazi cha tatu."

Tonge la Dakta lilisimama njiani.

"Ni mimi!" Mama alisema haraka. "Yeye hakujua. Ni mimi nilichuma, hata zile za kwanza, yeye alikuwa Njoro."

"Za kwanza sikujua," nilisema. "Hizi nilijua. Aliniuliza Jumapili kama achume. Nilinyamaza, na nilinyamaza nikitaka achume."

Kuku aliingia, Mama hakumfukuza. Dakta alirudisha tonge kwenye sahani, akanitazama kwa macho ambayo nayaona hadi leo, kisha akainuka kwenda kunawa. Profesa yeye alimaliza mboga yake yote kwanza.

"Mama," alisema alipomaliza, "twende unionyeshe ulizochuma."

Tulitoka sote. Mama alitangulia, mwanzoni akisitasita, kisha akaanza kwenda kwa kasi yake ya kila siku. "Huu nilichuma. Huu nilichuma. Huu sikuugusa. Huu sikuugusa."

"Kwa nini huu hukuugusa?"

"Huu umezaliwa mfupi, Prof. Mama yake pia alikuwa hivyo mvua iliyopita. Ukichuma huo utakula nini? Hauna mboga. Mimi nilichuma zenye kukimbia tu."

Profesa alinipa kalamu na karatasi bila kunitazama. "Andika."

Niliandika. Kila mstari Mama alisimama, akainama, akafunua matawi, akatuonyesha kikonyo kilichokatwa au akasema hakuna. Hakuruka hata mmoja. Ilichukua saa nzima na jua lilikuwa kali. Mwishoni nilijumlisha. Mistari isiyo na mche hata mmoja uliokatwa ilikuwa hamsini na minane.

Wafupi wa kweli walikuwa hamsini na minane kati ya wajukuu mia mbili na arobaini. Robo, kama vitabu vilivyosema. Jeni moja.

"Kwa hivyo," Profesa Adero alisema akifungua mlango wa gari, "aliyezijua kunde hizi ni mama yako. Wewe ulizihesabu asubuhi moja. Yeye alikuwa hapa kila jioni. Ungemuuliza."

Nafasi alipewa Jamleck. Chai alininunulia yeye, na nikainywa. Nimeruhusiwa kumaliza shahada yangu, nikiandika upya sura nzima ili kuthibitisha jambo ambalo kila mtu alikuwa analijua, na ndani yake kuna ukurasa unaoeleza ni nani alichuma, lini na kwa nini. Dakta Kiplangat alirudi kunisalimia baada ya wiki mbili. Mkono hajanipa tena.

Ijumaa ya wiki iliyofuata niliporudi Subukia, mezani kulikuwa na kabichi.

Nilikula kidogo. Mama alikula kidogo. Nje, kunde zake mwenyewe karibu na choo zilikuwa zimekimbia mpaka kwenye ua wa jirani, majani yamekomaa, hazijaguswa tangu Alhamisi ile. Nilishuka kwenye mistari yangu, naye akanifuata, akasimama mbali kidogo kama mtu aliyekatazwa. Pale alipokata ncha moja zilikuwa zimetoka mbili, pengine tatu, na zote zilikuwa zimeshaanza kujikunja zikitafuta pa kushika.

"Nilikuharibia," alisema.

"Uliniuliza, Mama. Mimi ndiye sikujibu."

Alivuta leso, akaikaza. Alitazama zile ncha changa kwa muda mrefu, na niliona vidole vyake vikitaka kazi.

"Sasa hizi," aliuliza, "nichume?"

Nilimgeukia kabisa, nikasimama kwa miguu yote miwili.

"Hapana, Mama. Hizi ziache zikimbie. Chuma zile zako, nikusaidie kubeba."